Pevingi zinapotoa chumvi: mwongozo kamili wa kutambua unga mweupe, kuutoa na kuukatia maji

Kila mwaka masika yakikatika na kipupwe kikiingia, kati ya mwezi wa sita na wa nane, napigiwa simu za namna moja: "Fundi, pevingi zako zimeota fangasi." Nikifika nakuta ua uliotandikwa vitofali hivyo vya zege, uliokuwa mwekundu na kijivu, umepauka wote, kama mtu aliyetoka kuoga bila kujipaka mafuta. Fangasi hana kosa hapo. Ile ni chumvi, na mafundi wanaposema "sakafu inatoa chumvi" wako sahihi kuliko wanavyodhani.

Ninachotaka ukishike kabla hujanunua dawa yoyote ni hiki: chumvi haina miguu. Imeletwa na maji, na mahali ilipojitokeza ndipo maji yalipokaukia. Ukiisugua bila kuuliza maji yametoka wapi, utasugua tena masika yajayo.

Unga huu unatoka wapi

Aliyewahi kuona tanuri la chokaa huku pwani ataelewa haraka. Mawe ya matumbawe huchomwa, chokaa inayopatikana humwagiwa maji, hupakwa ukutani, na ikikaa huvuta hewa ya kabonidioksidi na kurudi kuwa jiwe. Saruji nayo ikichanganywa na maji huzaa chokaa ndani yake. Pevingi mpya zikinyeshewa, maji huingia kwenye vitundu vyake na kuyeyusha ile chokaa, karibu gramu 1.7 kwa kila lita, kisha hupanda nayo juu. Huko ikikutana na hewa hugeuka jiwe jembamba jeupe. Jiwe hilo halitoki kwa maji matupu, kwa sababu uwezo wa maji kuliyeyusha haufiki hata sehemu moja ya mia ya ule uwezo wa mwanzo. Ndiyo maana unaosha ua asubuhi, unapendeza ukiwa umelowa, na saa nane mchana weupe umerudi palepale.

Aina ya pili ni chumvi zinazoyeyuka: chumvi ya kawaida ya baharini, salfeti za sodiamu, potasiamu na magnesiamu, na mahali penye ardhi ya magadi, magadi yenyewe. Hizi hutoka kwenye mchanga wa ufukweni, maji ya kisima, udongo wa chini, mbolea ya bustani, na kwa vigae na matofali ya kuchoma, kwenye udongo uleule uliofinyangwa. Vigae vya udongo vina aina hii zaidi. Pevingi za zege huanza na ile ya chokaa, ingawa huku kwetu pwani mara nyingi nakuta zote mbili zimelala pamoja.

Kwa nini kipupwe? Jua kali na upepo hukausha maji yakiwa bado chini kidogo ya uso, chumvi ikabaki ndani. Hali ya hewa ikipoa ukaukaji huenda polepole, maji hupata muda wa kufika juu kabisa, na chokaa yenyewe huyeyuka zaidi kwenye maji baridi kuliko ya moto.

Hatua ya kwanza: jua unapambana na nini

Chukua kisu butu na visosi viwili. Kwangua unga mkavu kutoka sehemu mbili tatu za ua, kijiko kimoja cha chai kwenye kila kisosi.

Kisosi cha kwanza kimimine kwenye nusu glasi ya maji safi, koroga. Unga ukipotea wote, una chumvi inayoyeyuka. Ukibaki umetulia chini kama chaki, ni chokaa. Ukipungua nusu, una zote mbili.

Kisosi cha pili kamulia ndimu au tia siki. Ukifoka vipovu, ni chokaa iliyogeuka jiwe, au magadi. Tofauti yake umeshaiona kwenye kisosi cha kwanza, kwa kuwa magadi huyeyuka kwenye maji na chokaa hiyo hubaki.

Wengi hukosea hapa kwa kumwagia siki moja kwa moja kwenye pevingi. Hapo itafoka tu hata kama hakuna unga, kwa sababu zege lenyewe lina chokaa juu yake. Kwangua kwanza.

Fangasi au ukungu haufoki wala hauyeyuki. Una harufu ya uvundo, hupenda kivulini, huwa kama manyoya au utelezi, na tone la dawa ya kung'arishia nguo, ile wengi waiitayo jiki, huubadilisha rangi. Chumvi ukiisaga kwa vidole inakuwa vumbi au punje.

Mafundi wa zamani huonja kwa ncha ya ulimi. Mimi nimeacha. Uani hupita paka, hupita viatu, na mara nyingine chumvi yenyewe imetoka pembeni ya shimo la choo.

Mwisho, gusa tofali lenyewe. Ukikwangua kwa ukucha na uso ukatoka magamba au ukamung'unyuka kama biskuti, chumvi imeanza kukulia ndani ya vitundu na kuvipasua. Hiyo imevuka mipaka ya urembo. Huonekana sana kwenye matofali ya udongo yasiyoiva vizuri, yale ya pembeni ya tanuri, yenye rangi hafifu, ambayo ukigonganisha mawili yanatoa mlio wa mti badala ya mlio wa chuma.

Hatua ya pili: chora ramani ya weupe

Tembea ua mzima asubuhi kabla jua halijapanda, na uzungushie kila baka mstari wa mkaa. (Chaki haisaidii, kwa sababu unazozijua.) Piga picha ukiwa umesimama mahali pamoja, kwa mfano barazani, ili mwezi ujao upige nyingine kama hiyo.

Kisha soma umbo. Weupe uliotanda kila mahali kwa usawa kwenye pevingi zilizowekwa mwaka huu ni chokaa ya kuzaliwa nayo. Mistari inayofuata maungio, huku katikati ya pevingi pakiwa safi, inaonyesha chumvi iko kwenye mchanga wa chini au wa kujazia, au pevingi zimelazwa juu ya jamvi la zege na maji yamekosa pa kutokea. Ukanda unaoambaa na ukuta unakuelekeza juu ya bati, kwenye maji yanayodondoka bila mfereji. Ukanda unaoambaa na bustani ni mbolea na maji ya kumwagilia. Duara moja lisilokauka hata kiangazi ni bomba linalovuja, chemba, au tangi linalofurika usiku watu wamelala.

Kama huna hakika maji yanapanda kutoka chini, kausha sehemu, tandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, kibandike kingo zote kwa gundi ya utepe, kiache mpaka kesho yake. Matone chini ya nailoni au pevingi iliyogeuka nyeusi ni jibu tosha.

Hatua ya tatu: wakati mwingine subiri

Ua mpya wenye chokaa sare, usiomomonyoka, hauhitaji dawa. Maji ya mvua yana asidi kidogo kwa sababu ya hewa ya kabonidioksidi iliyomo, na hulila lile jiwe jembamba polepole. Chokaa iliyo karibu na uso nayo hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Misimu miwili ya mvua, masika na vuli, mara nyingi inatosha. Najua mwenye nyumba aliyetoka kulipa hapendi kuambiwa asubiri. Lakini asidi ikimwagwa mapema hula saruji changa ya juu, mchanga ukaanza kuonekana, na rangi iliyopauka namna hiyo hairudi.

Hatua ya nne: fagia pakavu

Hii ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote, na kwa chumvi inayoyeyuka inazidi dawa. Subiri siku mbili tatu za jua. Tumia ufagio wa chelewa uliofungwa ukakaza, au burashi ngumu ya plastiki. Burashi ya waya huacha vipande vya chuma kwenye vitundu, vikapata kutu, na hapo utakuwa umebadilisha madoa meupe kwa ya kahawia.

Fagia, zoa kwa kizoleo, katupe mbali na ua. Usifagilie bustanini, usisukumie kwenye maungio, usimwage maji kwanza. Maji yakitangulia, chumvi inayeyuka, inazama, na kesho inapanda tena. Rudia kila wiki mpaka uone ufagio unatoka mtupu.

Hatua ya tano: vigae na matofali ya udongo

Kama kufagia hakujatosha, nyonya chumvi badala ya kuiosha. Loweka magazeti au karatasi za chooni kwenye maji ya mvua, ponda mpaka viwe uji mzito, paka juu ya baka unene wa sentimita moja hadi mbili. Kivuli kinasaidia ili vikauke taratibu. Uji ukikauka unavuta maji kutoka kwenye kigae, na maji yanakuja na chumvi yake mpaka ndani ya karatasi. Baada ya siku mbili tatu bandua kipande kizima, tupa, anza kingine. Mara tatu si nyingi. Nimewahi kufika mara tano kwenye baraza moja lililokaa miaka karibu na tangi la maji ya kisima.

Asidi kwenye udongo wa kuchoma iogope. Baadhi ya udongo una madini ambayo asidi huyageuza kuwa madoa ya njano, kijani au kahawia, magumu kutoa kuliko ule unga. Na kama nyumba yako ina mawe ya matumbawe, marumaru au terazo, asidi yoyote, hata ndimu, inakula jiwe lenyewe. Mtu wa Mji Mkongwe asijaribu kabisa.

Hatua ya sita: asidi kwa chokaa iliyokwama kwenye zege

Anza na iliyo dhaifu. Siki nyeupe inatosha kwa mabaka machache. Kwa ua mkubwa nunua asidi ya sitriki, ule unga wa watengeneza juisi na jamu, uyeyushe gramu 50 kwa lita moja ya maji. Ikiwa ngumu sana panda hadi gramu 100, usizidishe, kwa maana ikikaukia pale inaweza kuacha utando wake mweupe na ukaanza upya.

Ile asidi kali ya hidrokloriki ya maduka ya vifaa vya ujenzi ni ya mwisho kabisa: sehemu moja kwa sehemu 20 za maji. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya asidi, italipuka usoni. Ndoo iwe ya plastiki. Glavu za mpira, miwani, viatu vilivyofunika vidole, watoto ndani, gari nje ya geti, kwa sababu mvuke wake hutia kutu geti na rimu kabla hujamaliza kazi. Usiichanganye na jiki, wala usipake jiki leo na asidi palepale kesho bila kusuuza sana: inatoka gesi ya klorini, na hiyo inaua.

Asidi ya betri usiiguse. Jirani mmoja aliitumia kwa kuwa ilikuwa imebaki gereji. Ile ni asidi ya salfuriki, ikikutana na chokaa huacha jasi na salfeti, yaani alilipa nguvu zake kununua chumvi nyingine. Mwaka uliofuata ua wake ulikuwa mweupe kuliko kabla.

Utaratibu ni huu. Jaribu kwanza pevingi moja iliyojificha, iache ikauke siku nzima, uone rangi. Ukiridhika, lowesha eneo dogo la mita nne za mraba kwa maji safi mpaka pevingi zishibe lakini madimbwi yasisimame, ili asidi ibaki juu isinyonywe ndani. Mwaga dawa kwa kopo la kumwagilia la plastiki. Kwangu lita moja hutosha mita mbili hivi za mraba. Subiri dakika tatu hadi tano huku povu likifanya kazi, sugua kwa burashi ya plastiki, kisha suuza mara mbili kabla haijakauka. Baada ya hapo mwagia maji yenye bikaboneti ya soda, konzi moja kwa ndoo ya lita 20, kuua asidi iliyobaki, na usuuze mara ya mwisho. Ndipo usogee eneo linalofuata. Fanya asubuhi au jioni. Jua la saa saba litakukaushia dawa mkononi.

Maji ya kusuuzia yaelekeze mbali na majani na kisima. Mchanga wa maungio utakuwa umepungua, jaza tena ukishakauka.

Hatua ya saba: kata njia ya maji

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huishiwa bajeti kwa sababu walishaimaliza kwenye dawa.

Anza na maji unayooshea ua. Nyumba nyingi za pwani hutegemea kisima, na maji ya kisima yana chumvi unayoizoea mdomoni mpaka huisikii tena. Piga hesabu: tuseme maji yako yana gramu 2 za chumvi kwa lita na unamwaga lita 200 kila Jumamosi. Ni gramu 400 kwa wiki, zaidi ya kilo 20 kwa mwaka, umezimwaga mwenyewe kwenye pevingi zako. Kipimo kidogo cha chumvi ya maji chenye umbo la kalamu si ghali, na kikisoma zaidi ya miligramu 1,000 kwa lita, fagia ua pakavu na uoshe kwa maji ya mvua au ya bomba pale tu inapolazimu.

Kisha angalia mwinuko. Weka ubao mnyoofu wa mita mbili, pima maji kwa pimamaji: ua unatakiwa kushuka sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea nje ya nyumba. Pevingi zilizodidimia zinyanyue, ongeza mchanga chini, zirudishe. Bati liwe na mfereji, na bomba lake la kushukia lifike mtaroni, lisiishie juu ya pevingi kama ninavyoona kila mtaa. Bustani iliyo juu kuliko ua ijengewe ukingo wa zege wenye nailoni nzito upande wa udongo, na matundu ya kutolea maji yaelekee kwingine.

Kama chumvi inatoka kwenye maungio na mchanga wa chini ni wa ufukweni, hakuna dawa ya juu itakayokuokoa. Fumua. Ondoa ule mchanga wote, shindilia tabaka la kokoto la sentimita 10 hadi 15, na zaidi mahali magari yanapopita, lisilo na vumbi jingi ili maji yasipande kwa kunyonywa, kisha mchanga wa mto uliooshwa wa sentimita 3 hadi 5. Pevingi zenyewe unaweza kuzitumia tena ukizipanga kivulini juu ya mbao, zikauke, na kuzifagia.

Mchanga mpya usiununue kwa kuamini maneno ya dereva wa lori. Chukua vijiko viwili vyake, nusu glasi ya maji ya mvua, tikisa kwenye chupa, uache ulale. Asubuhi dondosha maji ya juu yaliyotakata kwenye sahani nyeusi au kioo, na pembeni tone la maji ya mvua matupu. Anika. Tone la mchanga wa chumvi huacha pete nyeupe. La mvua haliachi kitu. Vigae vya udongo pia hupimwa kabla ya kununua: simamisha kimoja kwenye bakuli lenye maji ya mvua ya kina cha sentimita 2.5 kwa siku 7, ukiongeza maji yanapopungua. Kikiota ndevu nyeupe juu, na uani kitaota. Maabara hupima kwa njia ileile, ila kwa maji yaliyokenekwa.

Kwa wanaofyatua pevingi wenyewe: maji ya kunywa ndiyo ya kuchanganyia, yawe machache kadiri mashine inavyokubali, na saruji yenye majivu ya volkano inasaidia, kwa kuwa majivu hayo hushikana na chokaa kabla haijayeyuka. Usizipange mbichi moja kwa moja juu ya udongo, wala usizifunike nailoni ikazigusa, maana jasho la usiku huacha mabaka meupe kabla hata hazijafika kwa mteja.

Hatua ya nane: dawa ya kuziba, ukitaka

Si lazima. Ukiamua, chagua inayoingia ndani na kuacha mvuke utoke, zile za silani au siloksani. Rangi au vanishi inayotanda juu hufungia maji ndani, chumvi ikajikusanya chini ya utando na kuubandua pamoja na ngozi ya pevingi. Paka tu baada ya ua kukaa kipindi chote cha kiangazi bila weupe mpya na jaribio la nailoni kutoka kavu, siyo wiki moja baada ya asidi.

Mabaka uliyoyazungushia mkaa yapige picha tena kutoka barazani masika yajayo yakiisha, mwezi wa saba. Yaliyopungua yaache yaendelee na mvua. Lililobaki na ukubwa uleule, peke yake, huku mengine yakififia, chimba hapo kwanza: nimekuta bomba la nusu inchi lililopasuka mara nyingi mno kuendelea kushangaa.